Miksa ya difu ikigoma kubeba zege, msikimbilie mota kubwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, manake ile barua ya ndugu yetu wa Bugiri kuhusu miksa yake ya zege aliyoitengeneza kwa difu ya kamunye (difu ni ile gia ya eksel ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi mbili, kamunye ni matatu ya abiria), ikagoma kubeba mzigo, imeshajibiwa na watu wawili, na wote wamemwambia kitu kimoja, eti atoe mota ya hosipawa 3 aweke ya 5. Mmoja akazidisha, akasema vyuma vya gari kuukuu havifai kazi ya ujenzi, afadhali auze skrapa akanunue ya kiwandani. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tororo, hizi miksa naziunda na nyingine naletewa zikiwa zimeshashinda watu, na nasema huyo ndugu akinunua mota ya 5 pesa yake imepotea. Difu haina kosa na mota haina kosa. Kosa ni kasi, na kasi hiyo imetoka kwenye ule upande wa pili wa eksel ambao hakuna aliyeuzungumzia.

Turudi kwenye alichoandika mwenyewe. Alichukua eksel ya nyuma, pipa la mafuta la lita 200 akalifunga kwenye habu moja, pale panapofungwa tairi, mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 12 kwenye pinioni, ile shafti yenye gia inayoingiza nguvu kwenye difu. Siku ya kwanza pipa halikuzunguka kabisa ila ile habu nyingine tupu ikawa inakimbia kama kichaa. Akaichomelea ile habu tupu kwenye bomba la eksel isizunguke. Hapo pipa likaanza kuzunguka, likiwa tupu liko sawa kabisa, akitia mzigo linasimama na mkanda unatoa moshi, na siku akimwaga kokoto polepole likiwa tayari linazunguka basi zege yote inaganda kwenye ukuta wa pipa haichanganyiki. Alafu difu inapata moto mpaka huwezi kuishika.

Dalili zote hizo ni ugonjwa mmoja.

Nani hajaona kamunye imekwama kwenye matope wakati wa mvua? Tairi moja liko kwenye tope linazunguka mpaka linachimba, lingine liko pakavu limetulia tuli, na gari haiendi popote. Hiyo ndo kazi ya difu, ndani mle kuna gia ndogo zinazogawa nguvu pande mbili ili gari ikikata kona tairi la nje liweze kukimbia kuliko la ndani, kwa hiyo upande wowote ulio mwepesi ndo unaokimbia. Habu tupu ni nyepesi kuliko pipa, ndo maana siku ile ya kwanza ilikimbia peke yake. Mpaka hapo fundi yeyote anajua. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba ukiufunga upande mmoja usizunguke kabisa, ule mwingine hauzunguki kwa kasi ya kraun, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, unazunguka mara mbili ya kraun. Zile mizunguko za upande uliofungwa hazipotei, zinahamia upande wa pili.

Sasa chukueni kalamu. Difu nyingi za aina hiyo kraun ina meno 41 na pinioni meno 10, yaani pinioni ikizunguka mara 4.1 kraun inazunguka mara 1. Mota 1,440, kutoka puli ya 3 kwenda ya 12 unagawa kwa 4, pinioni inapata 360. Gawa kwa 4.1, kraun inapata kama 88. Na kwa sababu habu moja imefungwa, pipa linapata mara mbili yake, kama 176 kwa dakika. Bwana Mhariri, miksa za kiwandani mapipa yake yanazunguka kwenye ishirini na kitu, 30 hivi. Na pipa la lita 200 lina kipenyo kama sentimita 57, pipa la upana huo likizidi mizunguko kama 56 kwa dakika kilichomo ndani kinabanwa kwenye ukuta na hakianguki tena, inakuwa mashine ya kukausha nguo. Yeye yuko 176, mara tatu ya hapo. Zege haiwezi kuchanganyika hata aweke mota ya treni.

Na ile ya kusimama ikipewa mzigo? Ni hesabu hiyo hiyo. Hosipawa 3 ni hosipawa 3, ukiitumia kwenye kasi kubwa nguvu ya kusokota inakuwa ndogo, ukipunguza kasi inaongezeka. Zege ya lita 65 hivi ina uzito kama kilo 150, manake mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Pipa linapoinua hiyo zege upande mmoja, uzito unakaa kama sentimita 20 kutoka katikati, kwa hiyo mashine inatakiwa iweze kuinua kitu kama kilo 30 kwenye mkono wa mita 1. Kwenye mizunguko 176 mota yake inatoa kama kilo 12 tu kwenye mkono huo huo. Itainua vipi? Hata hiyo mota ya 5 wanayomwambia anunue itatoa kama 20, bado haifiki 30, na atakuwa ameshaingia deni. Lakini akiteremsha kasi mpaka 29, mota ile ile ya 3 aliyo nayo inatoa kama 74 kabla ya kukata kinachopotea kwenye mikanda na gia. Mara 6, bila kununua mota.

Kwa hiyo dawa ni mbili, na zinatakiwa zote.

Ya kwanza ni kufunga gia za ndani ya difu, zile ndogo, ili kraun na pipa ziende pamoja, hapo kasi inashuka nusu palepale. Ile ya kufunga habu moja inafanya kazi, sikatai, nimeziona zinafanya kazi, ila zile gia ndogo hazikutengenezwa kuzunguka kutwa nzima na mzigo, kwenye gari zinazunguka kidogo tu kwenye kona, na vile vibati vyake vya nyuma vinalika na ndo sehemu ya huo moto anaousikia. Zifunge kwa kuchomelea. Na hapa ndo mafundi wanaharibu. Toa kichwa chote cha difu nje, osha mafuta kwa dizeli, kausha sawasawa, ukiacha mafuta mle kwenye pembe chomelea yako itakuwa matundu matundu. Gia ni chuma kilichogomeshwa ngozi, yaani kigumu juu tu, ukichomelea kikiwa baridi kinapasuka pembeni ya mshono, pengine unasikia kabisa "tik" wakati unavuta sigara. Pasha moto kwanza mpaka tone la maji linarukaruka juu yake, tumia rodi 7018 ambazo zimekaa pakavu, si zile zilizolala kwenye boksi lililochanika toka masika, alafu ukimaliza fukia kwenye majivu makavu ipoe polepole, hata ikilala humo mpaka kesho. Maji ya kupozea usimwage hata tone. Na klampu ya arthi ya mashine ya kuchomelea uifunge kwenye gia yenyewe unayoichomelea, usiifunge kwenye nyumba ya difu wala kwenye bomba, manake ukifanya hivo umeme unapita katikati ya beringi na unazichoma vidoti vidoti, alafu baada ya muda mfupi unasikia mlio wa kusaga na unalaumu beringi za China. Kama una kifaa cha kuvutia beringi, bora uzitoe kabisa.

Uzuri wa kuchomelea ni kwamba ile habu nyingine huihitaji tena. Hafshafti yake, ile shafti inayotoka kwenye difu kwenda kwenye habu, itoe, bomba lizibe na bati nene lenye gasketi, mashine inakuwa fupi na nyepesi kubeba. Ila naomba sana, difu ikishachomelewa ipakwe rangi nyekundu kichwani, isije ikafika soko la spea la Kisekka kule Kampala ikauzwa kama spea nzima ikavalishwa gari ya abiria. Gari ya namna hiyo kwenye kona tairi za nyuma zinaburuzana na ikinyesha inaweza kumtoa dereva barabarani.

Ya pili ni kupunguza kasi kabla ya difu. Ukishachomelea uko 88, bado nyingi, unataka ugawe tena kwa 3 au zaidi kidogo. Wenye pesa wanatia giaboksi ya gari katikati na kuiacha kwenye gia namba 1, ambayo nyingi ziko kati ya 3.5 na 4, hapo pipa linakuja 22 mpaka 25, na tena unapata nyutro ya kusimamisha pipa bila kuzima mota, raha tupu. Lakini giaboksi nzima siku hizi si bei rahisi. Mimi napenda cheni ya boda, yaani ya pikipiki. Weka shafti ya katikati kwenye beringi mbili za kubolti, ile puli ya inchi 12 ihamie hapo na mikanda iwe miwili, kwenye shafti hiyo funga sproketi (gia ya cheni) ndogo ya boda ya meno 14, na ile kubwa ya meno 42 ifunge kwa bolti kwenye flenji ya pinioni, kile kisahani cha mbele chenye matundu. 88 ugawe kwa 3 unapata 29. Spea zake ziko kila kona ya Uganda, cheni ikilegea kijana yeyote wa stendi anajua kuikaza. Msiweke mkanda kwenye hatua hiyo ya mwisho, pale nguvu ni kubwa na mwendo ni mdogo, mkanda utateleza tu.

Kama huamini meno ya difu yako ni 41 kwa 10, na usiamini manake zinatofautiana na za magari ya mizigo kawaida zinapita 5, pima kabla hujachomelea bila kufungua kitu. Funga habu moja, zungusha ile nyingine raundi mbili kamili kwa mkono huku mwenzako anahesabu pinioni imezunguka mara ngapi. Ikizunguka 4 na kipande kidogo basi ni 4.1. Hiyo namba ndo unaipeleka kwenye hesabu ya puli.

Nije kwenye nati ya pinioni, manake hili limeua difu nyingi kuliko zege. Mtu anataka kufunga puli, anafungua ile nati kubwa, anatoa flenji, anachomelea, anarudisha alafu anakaza kwa nyundo na patasi mpaka mikono inauma. Kwenye difu nyingi nyuma ya ile flenji kuna kibomba laini kinachobonyea kwa kipimo, ndo kinapima beringi za pinioni zibanwe kiasi gani, na ukikizidisha hakirudi. Beringi zinabanwa kupita kiasi, zinapata moto, zinakufa. Ukiilegeza sana nayo pinioni inacheza mbele na nyuma, meno yanagongana. Meno ya kraun na pinioni kwenye hizi difu za Toyota yanatakiwa yaachane kama milimita 0.13 mpaka 0.18, unene wa karatasi mbili nyembamba, sasa wewe na patasi utaipata wapi? Usiiguse hiyo nati. Flenji ina matundu manne ya bolti za propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, tumia hayo hayo. Na sproketi ikae karibu na flenji iwezekanavyo, usiweke bomba refu katikati, manake beringi za pinioni zilizoea kusokotwa na propela, hazikuzoea kuvutwa pembeni.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni upande wa kuzunguka. Meno ya pinioni yamekatwa kwa mshazari, upande wa kwenda mbele ndo wenye nguvu, wa rivasi ni wa kazi ndogo ndogo. Ukiifanyia kazi kutwa nzima kwa upande wa rivasi pinioni inavutwa kuingia kwenye kraun na mzigo unalalia beringi ya mbele ambayo ni ndogo. Basi simama uitazame flenji ya pinioni, kwa difu nyingi inatakiwa izunguke kama mishale ya saa. Njia ya uhakika ni kuiwazia difu iko chini ya gari, zungusha pinioni upande ule ambao tairi zingekwenda mbele. Kama mota inazunguka kinyume, geuza upande wa kuzunguka wa mota hiyo hiyo, na mapanga ya ndani ya pipa nayo yalalie upande huo huo la sivyo yatakuwa yanatema zege nje badala ya kuirudisha ndani.

Oili. Huyu ndugu hakusema ameweka oili gani wala kiasi gani na mimi nahisi hapo pana jambo. Barabarani gari ikiwa kilomita 80 kwa saa kraun inazunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika, inarusha oili kila mahali mpaka kwenye beringi za pinioni. Kwenye miksa inazunguka 29. Hairushi kitu, inajilamba tu miguuni. Kwa hiyo ile nati ya kujazia iliyoko kwenye difu isiwe kipimo chako, jaza juu zaidi mpaka shafti ya pinioni ilale ndani ya oili, na kama umeilaza difu kwa namna nyingine, labda pinioni inaangalia juu, basi toboa tundu jipya la kujazia linalofaa mkao huo, la sivyo beringi ya juu itakuwa kavu toka siku ya kwanza. Oili iwe ya difu yenyewe, 80W-90 au 85W-140 iliyoandikwa GL-5, manake meno ya hizi gia yanasuguana kwa kuteleza na oili ya injini haiwezi, hata iwe mpya. Kile kitundu cha kupumulia juu ya bomba kikizibwa na saruji hewa ya moto inasukuma oili inatoka kwenye sili, mtu anabadilisha sili kila mara na shida ni kitundu. Kiinue kwa kipaipu cha mpira kifike juu, mbali na vumbi. Na habu iliyobeba pipa ivalishe mpira wa tyubu kuukuu kama sketi, maji ya saruji yakiingia kwenye beringi hayana huruma.

Kuhusu eksel yenyewe, hapa nakubaliana kidogo na yule aliyelaumu vyuma vya kamunye. Kwenye hizo gari hafshafti yenyewe ndo imebeba uzito kwa beringi moja pembeni, na pipa limening'inia mbele kwa mbali, kwa hiyo unatakiwa uweke roli mbili chini ya shingo ya pipa kulisaidia. Anayeanza upya atafute eksel ya Canter au Elf, habu yake inakaa kwenye beringi mbili juu ya bomba na hafshafti kazi yake ni kusokota tu, pipa unalibandika pale na hulifikirii tena. Lakini wa Bugiri ameshanunua, atie roli. Na flenji ya pipa aifunge kwa bolti za tairi, asithubutu kuchomelea hafshafti, ile shafti imegomeshwa, itakatika kama muhogo.

Umeme nao usisahaulike, hasa site iliyo mbali na nyumba. Mota ya hosipawa 3 ya fezi moja inavuta kama ampea 14 ikifanya kazi na mara tano hivi ikianza. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50 unakula zaidi ya volti 80 wakati wa kuanza, mota inanguruma tu haiamki, na kapasita inaungua. Weka waya wa milimita za mraba 4, na anzisha pipa likiwa tupu, maji kidogo kwanza na kokoto, alafu mchanga na saruji. Lisizidi theluthi moja ya pipa.

Alafu funika hiyo cheni na mikanda kwa bati. Site zetu akina mama wanaleta maji na wamevaa gomesi, yale magauni marefu, na hafshafti wala cheni haisubiri mtu apige kelele.

Yule anayesema tununue za kiwandani, sawa, mwenye nazo anunue. Ila fundi wa Osukuru au Malaba anayemwaga sakafu mbili kwa mwezi hatainunua, atarudi kukoroga kwa jembe chini kwenye udongo, maji anakadiria kwa ndoo, na hiyo zege ndo itabeba darasa la watoto. Miksa ya difu iliyopigiwa hesabu ni bora mara nyingi kuliko hivo.

Ombi langu kwako Bwana Mhariri, mkiweza mchapishe hata mara moja kwa mwezi mchoro mmoja wa mashine kama hizi ukiwa na vipimo, puli inchi ngapi, meno mangapi, sisi mafundi tutachangia bure. Na wewe ndugu wa Bugiri, kabla hujaenda dukani pima hiyo difu raundi mbili kama nilivoeleza, piga chaki kwenye pipa uhesabu linazunguka mara ngapi kwa dakika, alafu uandike hapa hapa namba ulizopata pamoja na mkao wa difu, pinioni inaangalia wapi, nikuambie tundu la oili utoboe upande gani.

Fundi wa kuchomelea,
Tororo